Siku Mama Alipotazama Matumbawe

Mwaka ule wa joto, Kariakoo nzima ilikuwa kama inaota. Feni ya dukani ilizungusha hewa ileile, wateja waliingia wakapapasa vitenge wakatoka, na mimi nilisinzia juu ya majora huku sauti ya mama ikinijia kutoka mbali, ikitaja rangi: damu ya mzee, maji ya kunde, chungwa bivu. Mama yangu hauzi vitambaa, anauza rangi. Aliletwa Dar kutoka Kilimanjaro akiwa bi harusi, akafungua duka, na kwake bahari ikabaki kuwa mahali penye upepo wa kuharibu nywele. Hakuwahi kulowesha hata kisigino.

Hamu ya bahari nilimtia mimi. Nilipokuwa sekondari tulipelekwa kwenye kisiwa kaskazini mwa jiji, tukavishwa miwani ya kuzamia, nikaona matumbawe. Nilirudi nyumbani Mchafukoge kichwa hakijatulia. Mama akanikalisha chini na kunihoji kama polisi. Zambarau ipi, ya biringanya au ya zabibu? Njano ya ndizi au ya bizari? Nikawa namwonyesha kwenye majora, moja baada ya jingine. Tangu siku hiyo, akichoka, alikuwa anafumba macho na kusema anakwenda kutembea kwenye duka langu la chini ya maji. Nilimtania sana, lakini nilipenda kumwona akienda.

Kisha akapata presha ya macho. Daktari alituambia dawa itachelewesha tu: ukungu utaanzia pembeni, na rangi nazo zitafifia. Tulirudi kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja, mama akitaja rangi ya shati la kila mpita njia, mimi nikiitikia, "Ndiyo, Mama. Ndiyo." Hakulia. Alisema tu, "Siku nikiita kijani bluu, duka nafunga. Kwa hiyo nipeleke mapema nikalione hilo duka lako."

Tukaenda. Mwenye boti, kijana mpole, alimwamkia shikamoo na kumshika mkono kama yai. Bahari ilikuwa imelala, haina hata kunyanzi. Tuliposhuka kwenye maji ya kifuani, nilishangaa: yalikuwa na uvuguvugu wa maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Mama alifurahi. "Kumbe bahari ina huruma hivi?" Alikuwa amejifunga kitenge kipya, nacho kikaelea kumzunguka. Nikamvisha miwani, akashika bega langu kwa kucha zote, akainamisha uso.

Alikaa hivyo kidogo, akainuka. Maji yalimtiririka mashavuni.

"Umeona, Mama?"

"Nimeona weupe," alisema taratibu. "Weupe mtupu. Yameondoka."

"Yapi yameondoka?"

"Macho, mwanangu. Rangi zimekwisha."

Nikatumbukiza uso wangu. Chini yetu matumbawe yalikuwa yamesimama yote, matawi kwa matawi, meupe kama mifupa iliyochemshwa. Samaki wawili watatu walipita bila haraka, kama watu waliorudi mtaani wakakuta nyumba zimehamwa. Nilikuwa nimesikia redioni kwamba bahari imepata joto lisilo la kawaida, lakini nilisikia kama ninavyosikia habari za nchi za watu. Sasa nikaelewa. Rangi ya matumbawe inatokana na vijimea vidogo mno vinavyoishi ndani yake na kuyalisha. Maji yakizidi moto, matumbawe huvitema, yakabaki meupe na njaa. Joto lisipoondoka, yanakufa.

"Siyo macho yako," nilimwambia. "Ni bahari. Imeungua."

"Usinibembeleze."

"Kweli tena!"

Kijana naye akasema kutoka kwenye boti, "Mama, ni kweli. Maji ni ya moto wiki nyingi sasa. Yamepauka yote, mpaka kule ng'ambo."

Mama akatutazama kwa zamu. "Mmepangana," alisema. Niliumia na nikakasirika kwa pamoja. Ukweli wote ninao, na masikioni mwake unasikika kama uongo wa watu wanaompenda. Nilimwona tayari anashusha mlango wa duka kichwani mwake.

Nikakamata pindo la kitenge chake, nikalizamisha mbele ya yale matumbawe. "Inama tena. Hii rangi gani?"

Aligoma. Nikamwomba. Akainama, nikasubiri, maji ya uvuguvugu yakitupigapiga kifuani. Alipoinua kichwa alikuwa anacheka na kulia.

"Bizari," alisema. "Na maua ya damu ya mzee. Na ukingo wa kijani, ile ya majani ya mgomba."

"Umeona sasa? Macho yako yapo!"

Nilimkumbatia, nikapiga kelele ya furaha, kijana akapiga makofi. Mama hakunikumbatia. Kicheko chake kilikuwa kimekatika. Alishusha miwani mwenyewe, bila kunishika bega, akarudisha uso majini, akautazama ule weupe kwa muda mrefu kuliko mara zote mbili za mwanzo. Kisha akasimama, akafinya maji kwenye pindo.

"Afadhali yangekuwa macho yangu," alisema.