Noeli ya Mchota Maji

Juzi, tukiwa mezani, mume wangu alisema mwaka huu tusiwape wafanyakazi Noeli. Alisema bila ubaya wowote, huku akichambua miba ya samaki wa mukeke. Petroli haipatikani, gari lake limelala uani wiki ya tatu, sukari imekuwa kitu cha kusimuliwa, na isitoshe sisi ni Waislamu, Noeli si yetu. Zamu, mlinzi wetu wa usiku, na yule mama anayetufulia wataelewa, akasema, kila mtu anaiona hali ilivyo. Nikasukuma sahani, nikamwambia maneno ambayo mke hapaswi kumwambia mumewe mbele ya watoto, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi na kulia kama mtu aliyefiwa siku hiyo hiyo. Yeye hajui. Tumeoana miaka kumi na miwili na sijawahi kumsimulia. Ngoja nikusimulie wewe kwanza, nione kama mdomo wangu utaweza.

Nilikulia Rumonge, mtaa wa chini, karibu na ziwa kiasi kwamba ukimwaga maji ya kuoshea vyombo yalikuwa yanatangulia kufika huko kabla hujageuka. Nikifumba macho naipata harufu ya mtaa wetu yote kwa mara moja: mawese yanayochemka kwenye mapipa, dagala waliotandazwa mchangani, moshi wa kuni mbichi, na sombe ya jirani, majani ya muhogo ambayo siku zote yalinukia vizuri kuliko ya kwetu. Baba alikuwa mfanyabiashara wa dagala. Mama aliishi kwenye mashine yake ya kushonea. Bibi, mama yake baba, ndiye aliyeitawala nyumba, na kama una bibi wa namna hiyo hunihitaji nikueleze.

Saa yetu ya ukutani ilikuwa imekufa zamani, lakini hatukuihitaji. Tulikuwa na mchota maji. Kila asubuhi, watu wakitoka msikitini, tulisikia kengele ya baiskeli yake kwenye kona, kisha tunamwona mwenyewe akija ameinama, anaisukuma kwa kifua, bidoni sita, madumu ya manjano, zimefungwa kwa mipira, vifuniko vimezibwa kwa majani ya migomba. Alikuwa mtu wa kijiji cha Kizuka, Mkatoliki, mwembamba, si msemaji. Maji aliyachota kwenye bomba la juu, kule kwenye barabara kubwa, ambako foleni ilianza kabla ya jua. Bomba la mtaani kwetu lilikuwa linakohoa tu. Alikuwa akimimina kwenye mitungi ya bibi taratibu, bila kudondosha, na sauti ile ya maji yakipanda shingoni mwa mtungi mimi hadi leo naiona ndiyo sauti ya usalama.

Nilikuwa na miaka tisa, na mdogo wangu wa kiume alikuwa na minne. Yeye na mchota maji walikuwa marafiki wa kweli. Kila siku alipandishwa kwenye baiskeli bidoni zikiwa tupu, anasukumwa hadi kwenye kona, kisha anarudi mbio kwa miguu yake mifupi. "Shefu, leo tunaenda wapi?" mchota maji alikuwa akimuuliza, kama anayemuuliza mkubwa wake wa kazi, na mdogo wangu alikuwa akijibu Bujumbura, kila siku Bujumbura, kana kwamba kona ile ilikuwa na njia ya kufika.

Maji ya ziwa tulikuwa nayo bure, tena mengi, lakini bibi alikataza yasiguse mdomo wa mtu. Ya ziwa ni ya kufulia na kuoshea miguu, alisema. Alikuwa na sababu. Mvua za Desemba zilikuwa zikishuka kutoka milimani na kusomba kila kilichoachwa vichakani na vichochoroni, zinakitupa ziwani, na kila mwaka baada ya hapo kipindupindu kilikuwa kinapita kwenye nyumba za pwani.

Sasa lazima nikueleze jambo moja, maana bila hilo hutaelewa kitu. Kwetu wakati ule, Noeli ya mfanyakazi haikuwa zawadi tu. Ilikuwa neno. Ukimpa zamu wako, au anayekufulia, au anayekuletea maji, chupa ya mawese na mchele kidogo na pengine kipande cha kitambaa, umemwambia kwamba baada ya Bonane, Mwaka Mpya, arudi kazini. Usipompa, umemwambia kazi imeisha. Hakuna aliyetamka. Mwenye nyumba alikuwa anaepushwa na aibu ya kumfukuza mtu machoni, na mfanyakazi alikuwa anaepushwa na aibu ya kufukuzwa. Aliyekosa Noeli hakuuliza, kwa sababu kuuliza kulikuwa kama kuomba. Alikuwa anaaga vizuri na kuondoka, na mtaa mzima uliona kwamba ni mtu mwenye adabu.

Hata nyumba za Waislamu zilifuata desturi hiyo. Bibi mwenyewe ndiye alikuwa akifunga kifurushi cha mchota maji kila mwaka. Lakini mwaka huo ulikuwa mbaya. Vita vilikuwa bado havijaisha, wavuvi walizuiwa kuingia ziwani, na mfanyabiashara wa dagala asiye na dagala ni mtu wa kukaa barazani akitazama mikono yake. Na Idi ya kufungua mwezi iliangukia wiki tatu tu kabla ya Noeli. Siku ya Idi baba alimwita mchota maji ndani, wakala pilau sinia moja, akampa shati jipya, mchele na nyama ya kupeleka nyumbani. Alimpa kwa moyo, nilimwona. Na kichwani mwake akafunga hesabu: mtu huyu sikukuu yake ameshaipata.

Bibi hakukubali. Alimwambia baba asubuhi ya kuamkia Noeli, mimi nikiwa nachambua maharage pembeni yao.

"Ya Idi ni ya Idi. Uyu mutu iko na Noeli yake. Umupe hata chupa moja ya mawese."

"Mama, nilimupa mengi kuliko miaka yote. Anajua."

"Anajua nini?"

"Anajua sisi ni watu wake."

Bibi akanyamaza. Ilikuwa nyumba yake lakini mfuko ulikuwa wa mwanawe, na mwaka ule hakutaka kumbana. Nimemsamehe vitu vingi bibi yangu. Kunyamaza kule bado.

Mchota maji alifika saa ile ile. Akajaza mitungi. Alipomaliza hakuondoka. Alifuta usukani wa baiskeli kwa kitambaa, akakagua tairi ambalo halikuwa na kasoro, akafungua mipira ya bidoni na kuifunga upya. Mimi nikadhani anangoja chai. Baba akatoka ndani amevaa kofia yake, akamshika bega kwa furaha kabisa. "Noeli njema, ndugu yangu. Salimia watoto." Akashika njia ya sokoni. Mchota maji akamtazama mpaka alipopotea, kisha akamgeukia bibi, akainama kidogo.

"Bibi, murakoze kwa yote," alisema. "Mubaki n'amahoro."

Asanteni kwa yote, bakini na amani. Kwa yote. Nilikuwa pale, masikio yangu mazima. Siku ile mdogo wangu alipanda baiskeli kama kawaida, na wakasimama kule kwenye kona muda mrefu kuliko kawaida.

Siku ya Noeli hakuja, na hatukumtegemea. Siku ya pili hatukushangaa. Siku ya tatu baba alicheka kwamba pombe ya ndizi huko Kizuka imemshika miguu. Baadaye tukasema atakuja baada ya Bonane. Mitungi ikakauka mmoja baada ya mwingine. Bibi akanipa ndoo, akanituma ziwani, na mara ya kwanza alisimama mlangoni ananitazama kama anayenituma kuiba. Tukawa tunachemsha. Lakini makaa yalikuwa yamelowa, kuni zilikuwa ghali, na kuchemsha maji ya watu watano kila siku si mchezo. Chai ilichemka, ugali ulipikwa, na ndoo ikabaki kwenye kona ya jikoni imefunikwa kwa sahani.

Hapa ndipo mdomo wangu huwa unakataa. Mdogo wangu alikuja jikoni mchana mmoja, jua kali, akasema ana kiu. Maji ya kuchemsha yalikuwa kwenye birika, ya moto bado, yalihitaji kupoozwa. Wenzangu walikuwa wananingoja nje na kamba ya kuruka. Nikafunua ile ndoo. Nikamchotea kikombe, akanywa chote, akanirudishia, akasema ongeza. Nikaongeza.

Bonane ilipita, na siku mbili baadaye aliamka hawezi kusimama. Hukuwahi kuona kipindupindu, na nakuombea usione. Mtoto aliyekuwa na mashavu manene jana anakuwa mzee asubuhi, macho yanarudi ndani, ngozi ya tumbo ukiibana inabaki imesimama. Baba alimbeba kifuani na kukimbia naye kwa miguu hadi kwenye mahema ya wagonjwa. Wale watu walifanya walichoweza. Walimtafuta mshipa mkono huu, mkono huu, mguuni. Adhuhuri haikufika. Baba alirudi naye vile vile, kifuani, ila safari hii anatembea.

Sasa walihitaji maji ya kumwosha. Nyumba nzima imejaa majirani, na hapakuwa na hata kata moja ya maji ambayo bibi angekubali yamguse mjukuu wake. Baba alikuwa amekaa chini, uso ukutani. Ndipo tukasikia kengele.

Habari ilimfikia kwenye foleni ya bomba. Alikuja mbio, bidoni sita zimejaa, shati la Idi limelowa mgongoni. Hakusalimia mtu. Akajaza beseni, akajaza ndoo, akaenda kusimama mbele ya baba.

"Ulikuwa wapi?" baba akamuuliza. Sijawahi kusikia tena sauti ile.

"Nilizani mulinifukuza, muzee."

"Nani alikufukuza?"

"Hamukunipa Noeli. Nikasema basi, kazi imeisha, nikapata nyumba ingine." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilikuwa napitia kule juu kwa soko. Sikutaka nipite hapa na maji ya wengine, mukaniona, mukasikia haya. Kama ningepita hapa, ningemuona shefu."

Baba alijaribu kuinuka akashindwa. Mchota maji akakaa chini pembeni yake, na wakabaki hivyo, bega kwa bega, mpaka mwili ulipotoka.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama ni lazima kuwapa wafanyakazi kitu siku ya Noeli, mimi siwezi kujadili kwa utulivu kama wengine wanavyojadili. Najua hali ni ngumu. Najua mtu anaweza kukosa kweli. Lakini najua pia kwamba baba yangu hakuwa bahili, na yule mwingine hakuwa na kinyongo, na bibi hakuwa mjinga. Walipendana, waliheshimiana, kila mmoja akamhifadhi mwenzake na aibu, na katikati yao mtoto akafa kwa kikombe cha maji. Na kikombe nilikishika mimi. Hilo hakuna Noeli itakayolilipa, hata nikigawa nyumba nzima.

Mchota maji alirudi kwetu. Alituletea maji miaka mingi, nikasoma, nikaolewa, nikahamia Bujumbura, na bado alikuwa analeta. Baba alikuwa na jambo lake jipya. Kila asubuhi, mitungi ikishajaa, alitoka mwenyewe, hata akiwa na homa, akamwambia, "Kesho uje." Kila siku ya Mungu. Wageni walimcheka. Mchota maji hakucheka, alikuwa akijibu, "Nitakuja, muzee," na kuondoka, na baba ndipo alipokuwa akirudi ndani kunywa chai.

Kisha ziwa likaanza kupanda. Uliona mwenyewe, au ulisikia. Lilikula mchanga wa kuanikia dagala, likala mitambo ya mawese, likaingia vyooni, na mwaka uliofuata likaingia majumbani. Bibi alikuwa ameshafariki, na katika hilo nashukuru. Nilikwenda na gari la kukodi kuwahamisha wazazi wangu. Maji yalikuwa magotini sebuleni, jikoni mle mlikuwa na samaki wadogo, na mtaa ambao ningeweza kuutembea nimefumba macho ulikuwa mapaa tu na vichwa vya migomba. Leo ukienda huoni hata paa. Sina pa kuwaonyesha wanangu kona ile.

Tulipomaliza kupakia, mchota maji alikuwa amesimama pale maji yalipoishia, mvi kichwani, baiskeli tupu. Baba akamwendea. Akafungua mdomo, na nikaona neno lake la kila siku likimkwama, kwa sababu hapakuwa tena na nyumba ya kuletewa maji wala kesho ya kumwambia aje. Akamshika mikono yote miwili, akabaki nayo, mpaka dereva akapiga honi.

Mchota maji ndiye aliyesema.

"Nenda, muzee. Leo najua hamunifukuzi."