Kijumba cha Vitofali Kilichotazama Mlima

Vitofali vilitoka ndani ya robota la nguo za watoto. Mama mmoja aliyeniajiri kumuuzia mitumba yake pale sokoni Msamvu alikata mikanda, nguo zikafumuka na harufu yake ya dawa, na katikati ya masweta ukaanguka mfuko wa kitambaa uliofungwa kwa uzi wa kiatu. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki vyenye vinundu juu na matundu chini, vyekundu, vyeupe na vya kijivu, vya kupachikwa kimoja juu ya kingine. Siku nzima hakuna mteja aliyevigusa. Jioni mama yule akanitupia mfuko, akasema nikampe mdogo wangu wa kike achezee.

Vingi kati ya vile vitofali vilikuwa na alama za meno. Mtoto fulani, katika nchi tusiyoijua, alikuwa akivitenganisha kwa kuving'ata. Mdogo wangu alizipapasa zile alama kwa kidole, kisha akavitenga vitofali vyote vya namna hiyo upande wake.

Tulikuwa watatu, kwenye chumba kimoja mtaani Mwembesongo. Baba alitangulia, mama akamfuata nikiwa kidato cha pili, na kidato cha tatu sikukiona. Aliyenifuata, wa kiume, alikuwa akijifunza kuziba pancha kwa fundi baiskeli. Wa mwisho alikuwa huyu binti, bado akiwa shule ya msingi. Mama yetu alikuwa Mluguru wa juu kabisa mlimani, na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, kwa hiyo baada ya mazishi neno la mwisho lilikuwa la mjomba. Siku ya kuondoa matanga alilisema bila kuzunguka: mahindi yakishavunwa, atashuka kumchukua mdogo akakae na bibi. Sisi wawili tungejitegemea.

Mjomba hajibiwi mbele ya watu. Lakini nilikuwa nimeona watoto wa nyumba moja waliogawanywa baada ya msiba. Walipokutana tena walisalimiana kwa kushikana mikono, kama wageni. Nikajiambia kwetu halitafika hilo, ingawa sikujua nitalizuia kwa nini.

Miaka ile biashara zote zilikuwa zimefunguliwa kwa mkupuo. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa sabuni za kila rangi, na wakati huohuo watu wakapunguzwa kazi viwandani. Jirani yetu mmoja alirudi nyumbani na kiinua mgongo chake, akanunua televisheni, akawa anawatoza watoto wa mtaani kuingia kutazama. Jumamosi jioni kulikuwa na tamthilia ya kigeni ambayo hakuna mtoto aliyekubali kuikosa. Ilihusu mji wa mawe juu ya mlima wenye ukungu usioondoka. Kila mara kengele ililia, watu wenye majoho ya kijivu wakapanga foleni, wakaingia mmoja mmoja kwenye lango dogo wakiinama. Hatukuwahi kuona mtu akitoka. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, na kwa kuwa hakuna aliyeyafuata vizuri, kila mtu alijitafsiria. Mdogo wangu wa kiume alishikilia kwamba wanagawiwa sukari ya mgao.

Binti hakutafsiri. Alirudi nyumbani, akaweka ubao wa kreti chini ya dirisha, akaanza kujenga ule mji.

Mwanzoni ulifanana na wa kwenye televisheni, na minara yake. Kisha, wiki baada ya wiki, akaushusha. Minara ikaondoka, kuta zikasogeleana, lango likawa dogo zaidi, hadi ikabaki nyumba moja ya kijivu, kimo cha goti langu. Vile vitofali vyenye alama za meno alivipanga kuzunguka mlango. Nikamuuliza mbona amebomoa mji wa watu. Akasema hajabomoa, amesogea karibu tu. Nikamuuliza watu wako wapi, maana mfuko ule haukuwa na mwanasesere hata mmoja.

"Wameshaingia, dada," akasema, bila kuinua macho.

Tangu hapo sikupenda kuvua nguo nikiwa nimeielekea ile nyumba. Nilikuwa nageuka, kisha najicheka. Kaka yake naye, mtu wa utani kutwa, aliacha kutundika suruali zake upande ule wa ukuta na hakusema kwa nini.

Mjomba alishuka Jumamosi, adhuhuri, na tenga la kabichi na karoti. Alikuwa mkulima wa vijiji vya misheni, rozari shingoni, kofia ya kufumwa kichwani. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza habari za shule, akataka kuona begi la mtoto kama limeshafungwa. Ndipo alipoiona ile nyumba. Akavua kofia.

Akauliza nani aliijenga. Binti akanyoosha mkono. Akauliza nani alimwambia aelekeze mlango kule. Hapo ndipo na mimi nilipoangalia: mlango ulikuwa umekaa sawasawa na dirisha, na dirisha lilitazama milima ya Uluguru.

Mjomba akachuchumaa. Akatueleza polepole, kama mtu anayezungumza chumbani kwa mgonjwa, kwamba huko juu waliotutangulia hujengewa kijumba cha miti na nyasi, cha kimo hichohicho, chenye mlango wa kuinamia, na wakati wa tambiko huwekewa unga. Cha ukoo wetu kilianguka kwa mvua, na tangu hapo hakuna aliyekisimamisha. Yeye alikuwa akisubiri watoe ishara wanataka kijengwe wapi. Akaomba unga. Nikamletea kwenye kisosi, akadondosha kidogo langoni. Nyuma yangu nikamsikia mdogo wangu wa kiume akikohoa ili asicheke.

Niliona ni haki ajue. "Mjomba, hiyo ni ya kwenye televisheni. Aliiona kwa jirani akaiiga."

"Sawa, mwanangu," akasema. "Na hao wa kwenye televisheni waliiona wapi?"

Jioni ilipofika, mdogo wangu wa kiume akamchukua mjomba kwenda kumwonyesha tamthilia yenyewe, akiamini utakuwa mwisho wa mambo. Nikafuatana nao. Jirani alimpa mzee benchi na hakumtoza. Watoto walijaa mkekani. Kengele ya kwenye kioo ikalia, majoho yakapanga foleni, wa kwanza akainama langoni. Mjomba akasimama, kofia mkononi, akasema kwa sauti ya chini:

"Shikamooni."

Chumba kizima kikalipuka kwa kicheko. Mtoto mmoja akasema, "Babu, hawakusikii hao, wako Ulaya." Mwingine akamwambia apige magoti kabisa wampe sukari. Walikuwa bado wanacheka pale mtu wa mwisho kwenye ile foleni alipogeuza kichwa, akatazama moja kwa moja upande wetu. Alitazama kwa muda, kisha akainama akaingia. Yawezekana waliotengeneza picha ile walipanga hivyo. Ninachojua ni kwamba siku zote tulizotazama hakuna aliyewahi kugeuka, na kwamba kicheko kilikatika bila mtu kunyamazishwa.

Tuliporudi kulikuwa na mwanga bado. Ubao wa mbele ya lango ulikuwa safi kabisa, kama umefagiwa, bila chembe ya unga.

"Panya," akasema mdogo wangu wa kiume.

"Panya wa kwetu anakula akifagia?" binti akamuuliza. Alikuwa amebaki nyumbani peke yake, ameketi kitandani, miguu ameikunja juu.

Mjomba hakuingilia mabishano yao. Alikula ugali wake, akanawa, akasema alikuja kuchukua mtoto na sasa hawezi. Aliyejenga ndiye anayefagia. Akimwondoa, wale hawatakuwa na mtu wa kuwatazama, na watamfuata njiani. Kwa hiyo mtoto atabaki hapa, na atafagia mbele ya mlango na kuweka unga. Kisha akaongeza, akinitazama mimi: "Lakini siku hiki kijumba kikivunjwa, namchukua siku hiyohiyo. Nawapandisha mlimani wote pamoja, yeye na hao wenye kijumba."

Asubuhi, ukungu ukiwa bado umefunika mlima, alibeba tenga lake tupu. Alisimama mbele ya binti, aliyekuwa amekaa pembeni ya kijumba chake, akainamisha kichwa akasema shikamoo. Sikuelewa alimwamkia nani. Binti akaitikia marahaba, sauti tulivu, na hakutabasamu.

Basi tukaishi. Unga ukawekwa, unga ukatoweka. Watoto wa majirani waliacha kuja kucheza chumbani kwetu. Mimi sikulalamika, kwani kila jioni nilipotoka Msamvu niliwakuta wote wawili nyumbani, na hicho ndicho nilichokuwa nakitaka.

Tamthilia ile ilifika mwisho msimu wa mvua. Binti alirudi kutoka kwa jirani akatupa kandambili mlangoni, akapiga magoti mbele ya ubao. Alisema mji umeanguka, imekwisha, na kwamba sasa anataka kujenga daraja. Alikuwa ameshika paa la kijumba kwa mikono miwili. Nilimkamata vifundo vya mikono.

"Vya kwangu, dada. Uliniletea mimi."

"Vyako. Lakini huvunji."

Akanitazama. Nilikuwa sijawahi kumkatalia kitu kilichokuwa mikononi mwake tayari, na nilimwona akikipima kilichokuwa usoni mwangu. Akauliza ni kwa sababu ya mjomba au kwa sababu yao. Nikamwambia ni kwa sababu yetu sisi watatu. Akaachia paa taratibu, kidole kimoja kimoja, akasogea hadi ukutani.

"Basi weka wewe unga," akasema. "Mimi sitaki wanizoee zaidi."

Nikachukua ufagio, nikafagia ubao. Nikachota unga, nikapeleka mkono hadi langoni. Hewa pale ilikuwa ya baridi na yenye unyevunyevu, na ilikuwa ikitoka ndani kuja nje. Sikuuondoa mkono mpaka unga wote ulipodondoka. Kesho yake niliweka tena. Binti nikamtafutia makopo na vijiti, akajenga daraja lake uani, na wenzake wakarudi kucheza naye huko nje.

Mjomba alishuka tena mvua zilipokatika. Alikuta mtoto yuko shule, kijumba kimesimama, na mimi nimepiga magoti mbele ya lango lake. Aliutazama ufagio uliokuwa umehama kutoka kwa binti kuja mkononi mwangu. Aliweka tenga chini, akaketi kizingitini kumsubiri mpwa wake atoke shule, ili amsalimie tu kisha aondoke.