Msiba wa Watu wa Kuazima

Baridi ya Juni ikishaingia hapa Rosettenville, kusini mwa Johannesburg, walinzi wa magari huwasha makaa ya mawe ndani ya madebe yaliyotobolewa matundu, na moshi wake hupanda hadi kwenye dirisha la chumba ninachoshonea nguo. Ni moshi mzito unaokaa kooni, wenye harufu ya kiberiti. Wateja wangu hukunja pua na kuniomba nifunge dirisha. Sifungi. Nawaambia cherehani inataka hewa, nao kwa adabu hujifanya wameamini. Harufu hiyo hunirudisha kaskazini mwa China, kwenye majira fulani ya kuchipua nilipokuwa na miaka tisa, nikizungushwa na baba yangu katika miji ya kale, mahekalu na nyumba kubwa za koo za zamani, nikidhani tuko matembezini. Mama yangu alikuwa amekwisha kufa. Baba alijua, na mimi sikujua.

Sisi ni watu wa Bukavu. Papa alikuwa ametumwa na serikali kusomea mambo ya migodi katika jimbo ambalo hata vumbi lake ni la makaa. Mimi nilipelekwa kwake baadaye, nikiwa nimefuatana na mwanafunzi mwenzake, kwa sababu Mama alikuwa hajisikii vizuri na ilisemwa nitarudi akipata nafuu. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na Mama aliyaficha ya kwake kwa ustadi mkubwa. Habari ilimfikia Papa kwa simu ya ofisi ya chuo, wakati vita vimefunga njia ya kwenda kwetu. Alirudi chumbani akanipikia wali, akaniuliza habari za shule. Kwa desturi yetu, habari ya kifo haipewi mtu aliyesimama, haipewi mwenye njaa, na haipewi kamwe mtu aliye peke yake. Ukoo hukusanyika, hukaa, kisha mkubwa mmoja ndiye husema. Pale bwenini palikuwa na vijana wa mataifa mengi wenye vitabu na sufuria zao, lakini ukoo haukuwapo. Basi Papa alifunga vitabu vyake, akajaza begi moja, akaniambia, “Twende tuone inchi ya batu.”

Tuliona nchi ya watu kweli. Tulipita katika miji yenye kuta nene kuliko kanisa letu, yenye malango ambayo mikokoteni ya karne nyingi ilikuwa imechimba mifereji katika mawe yake. Ukiona vyaelea, vimeundwa, Papa alikuwa akisema kila tulipofika mbele ya paa lililopinda ncha zake juu, naye akalisema neno hilo mara nyingi mno kwa mtu ambaye macho yake hayakuwa juu ya paa. Katika mahekalu mimi niliingia na yeye akabaki nje. Alikuwa Mprotestanti wa kukata na shoka, mtoto wa shemasi, na sanamu za udongo zilizotoa macho pembeni mwa mlango hazikumhusu. Nikigeuka nilimwona amesimama nje ya kizingiti, kofia mkononi, akiutazama moshi wa ubani uliokuwa ukipanda kwa ajili ya wafu wa watu wengine. Nilidhani amechoka kutembea, nami nikamhurumia miguu yake.

Katika mji mmoja tulipanga chumba kwa bibi kizee niliyefundishwa kumwita Nainai, yaani nyanya. Nyumba yake ilikuwa na ua katikati na vyumba pande zote, na ndani ya chumba chetu kitanda kilikuwa jukwaa la matofali linalowashiwa moto chini yake. Ulilala juu ya jiko, kwa ufupi, na katika baridi ile sikuwahi kulala mahali patamu zaidi. Papa aliijua migodi kwenye karatasi, lakini nywele zangu zilimshinda kabisa, hivyo alimwomba Nainai anisuke. Akamweleza pia, kwa lugha yao ambayo mimi nilikuwa naokota maneno mawili matatu tu, kwa nini mtoto huyu hana mama wa kumsuka. Kizee alihangaika na kichwa changu asubuhi nzima, akavunja kitana kimoja, akaishia kunifunga mafundo mawili. Akayafunga kwa uzi wa sufu mweupe.

Kwetu weupe ni wa Jumapili na kipaimara. Kwao ni wa msiba, na msichana mwenye uzi mweupe kichwani amefiwa na mzazi. Nainai alidhani ninajua. Papa aliporudi na kuuona, alishika fremu ya mlango, kisha akauacha ule uzi mahali pake. Nilitoka kwenda mjini nikiringa. Ilikuwa majira yao ya kwenda kusafisha makaburi, watu wanapita na fagio na karatasi za kuchoma, na wanawake nisiowajua walisimama wakanishika shavu. Muuza mikate ya mvuke alinipa mmoja wa moto. Wengine walinijazia mfuko kunazi kavu, nyekundu na tamu.

“Papa, juu ya nini hawa bamama bananipatia vitu?”

“Banakupenda, mama yangu. Kula.”

“Hizi nitachungia Mama,” nikasema, na kuanzia hapo kila kunazi niliyopewa niliitia ndani ya soksi yangu safi, ili nimpelekee. Papa alikuwa akinitazama nikizihesabia nafasi ndani ya soksi.

Siku iliyofuata alinipeleka kuona nyumba ya ukoo mmoja wa wafanyabiashara wa zamani. Ilikuwa ua ndani ya ua, lango baada ya lango, na vizingiti vya mbao virefu kiasi kwamba nilivuka nikiinua gauni. Mlinzi alituonya tusikanyage kizingiti, tuvuke tu. Ndani kabisa kulikuwa na chumba cha wazee waliokufa. Majina yao yaliandikwa kwenye vibao vilivyosimama safu juu ya safu, mababu juu, watoto wao chini, kila mtu mahali pake. Nilipenda mpangilio ule. Nikamwuliza Papa kibao chetu sisi kiko wapi. Akajibu kwamba sisi majina tunayachunga mu kinywa. Nikamwambia, basi, nikirudi Bukavu nitamwambia Mama tutengeneze chetu, yeye ana mwandiko mzuri.

Papa aliketi juu ya kizingiti. Alikaa pale pale palipokatazwa, mtu mzima mwenye koti, akaweka kofia usoni. Mlinzi alianza kuja kwa hasira, akauona uzi kichwani mwangu, akageuka akaenda kutazama ukuta.

Asubuhi yake, tulipokwisha kunywa uji, Papa alitoka uani akaanza kuazima watu. Sina neno jingine. Alimwomba Nainai, akamwomba mkwewe aliyekuwa akifua, akamwomba jirani mzee mwenye kikohozi, na hata mtu aliyeleta makaa ya mawe kwa mkokoteni akaombwa aingie. Wakapanda wote juu ya kitanda cha matofali, wakakaa kwa kuzunguka, mikono juu ya magoti. Mleta makaa aliketi ukingoni asije akachafua blanketi. Hakuna aliyejua Kiswahili hata neno moja, lakini walijua walichoitiwa. Papa akaniweka katikati yao.

“Kaa, mama yangu,” akasema. “Mama yako ametuacha. Balishaka kumuzika, na sisi hatukukuwako.”

Kabla sijaelewa, Nainai alikuwa ameanza kulia kwa sauti, kilio kirefu cha kupanda na kushuka kama cha shangazi zangu, na mkwewe akampokea. Ndipo nami nikalia. Wahenga wanasema kifo cha wengi ni harusi. Haikuwa harusi, nisiwadanganye, lakini sikuwa peke yangu. Baadaye, kwa kuwa kwetu waombolezaji hawaondoki na njaa, nilichukua ile soksi nikawagawia kunazi za Mama, mmoja baada ya mwingine. Mleta makaa alifuta mikono kwenye suruali kabla ya kupokea.

Nilimkasirikia Papa miaka mingi kwa zile siku alizonifanya nicheke huku Mama yuko ardhini. Hasira hiyo ilikwisha mwaka huu. Nilikuwa ndani ya basi, Braamfontein, nimebeba majoho ya wanafunzi niliyoyapunguza urefu, basi limesimama kwenye taa nyekundu ya robot, simu ikalia. Binamu yangu alikuwa ameandika katika kundi la ukoo: Papa ametuacha. Chini yake vikatuni vya machozi, safu nzima. Nilikuwa nimesimama, sijala tangu asubuhi, na kwapa la mtu nisiyemjua lilikuwa usoni mwangu. Taa ikawa kijani, tukaenda. Hakuna aliyejua.

Nilipofika nyumbani sikumwambia binti yangu mlangoni. Nilipika kwanza, akala. Kisha nikatoka kuazima watu: bibi Mreno wa nyumba ya pili, msusi wetu Mrundi, na mlinzi mmoja wa magari, aliyeingia akivua kofia na kunuka moshi wa makaa. Wakakaa wakanizunguka sebuleni. Nikamwita binti, aliyezaliwa hapa na ambaye Kiswahili hukisikia zaidi ya kukisema. Alitutazama wote, akatazama simu yake, akaiweka kifudifudi juu ya meza.

“Eish, Mama, najua,” akasema. “Niliona kwa group, kwa shule.”

Yeye akaja akaketi katikati yetu.

“Lakini uniambie,” akasema.

Nikamwambia.