Namba Niliyosahau Kubadilisha

Wakati watu wa Nyamongo walipochimba hata nyuma ya vyoo kutafuta dhahabu, mimi nilifanya kazi katika maabara ndogo pale Bomani. Mtu akileta kipande cha mwamba, wenzangu walikipima, nami nikamtolea majibu kwenye kompyuta. Haikuwa na picha za kubonyeza. Ilikuwa skrini nyeusi tu, unaiandikia amri ndefu yenye jina la mwenye mwamba na namba ya sampuli. Ukikosea herufi moja inakataa, unaanza upya. Kuna siku niliandika amri ile ile mara nne, watu wamejaa mlangoni wananitazama. Nilitamani kuipiga ngumi.

Binamu yangu wa Isebania, ng'ambo ya mpaka, alipita kunisalimia, akanikuta nagombana nayo.

"Wee, mbona unajitesa?" akasema. "Bonyeza hiyo mshale ya juu. Amri ya mwisho inarudi yenyewe, unabadilisha tu kile unataka."

Nikabonyeza, ikarudi. Miezi mitano nilikuwa nimeteseka bure!

Wiki hiyo hiyo mama mmoja mjane wa Kerende alikuja kuchukua majibu ya mwamba uliotoka kwenye shamba lake la mahindi. Foleni ilikuwa ndefu. Nikarudisha amri ya mtu aliyemtangulia, nikafuta jina, nikaweka la mama, nikabonyeza enta. Karatasi ikasema dhahabu ipo, tena nyingi. Mama akanishika mikono yote miwili.

Siku nne baadaye, nikitafuta kosa lingine, nilifungua orodha ya amri zilizopita. Mistari miwili ilifuatana: majina tofauti, namba moja. Jina la mama nililiweka, namba yake sikuiweka. Nikatoa majibu yake ya kweli. Hapakuwa na dhahabu.

Nilipanda pikipiki mpaka Kerende nikijilaani njia nzima. Mahindi mabichi yalikuwa yamelazwa chini, na kaka zake wawili wamo shimoni, vichwa tu vinaonekana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuona tunavyotajirika?"

Nikamweleza. Hakupiga kelele. Aliwaambia kaka zake watoke, kisha akaniuliza, "Ulikuwa na haraka ya nini?"



Jumamosi tatu nilikwenda kufukia lile shimo na kupanda mtama pamoja naye. Mbili za kwanza hakunisemesha.