Gundi Kwenye Kucha

Muuguzi wa sindano za umri pale mjini Vidin hakukosa gundi kavu kwenye kucha, hata sikukuu. Kila asubuhi alibandua mlangoni pa zahanati matangazo ya vifo yenye picha, yaliyobandikwa na akina mama wa vijana waliokamuliwa uboho ili wazee waongezewe miaka. Aliyalowesha kwa maji ya uvuguvugu, asije akachana uso wa mtu pichani. Kisha alinawa, akaita kwa sauti ya chini, "Anayefuata, karibu."

Bi Ruska, mwenye miaka mia na thelathini na mashavu ya mwari, alikuwa wa kwanza siku hiyo. "Fungua bwana, binti, nitazeekea hapa nje!" Foleni nzima ikacheka. Muuguzi hakucheka. Tangazo moja lilikuwa bado mlangoni: Yavor, miaka kumi na tisa.

"Umesahau moja," Bi Ruska akamwambia.

"Sijasahau, bibi. Huyo ndiye aliyekamuliwa kwa ajili yako mwaka jana."

Bi Ruska akahisi damu ikimpanda usoni, damu nyingi, changa. Akainamisha macho. Hakutoka kwenye foleni. Akakunja mkono wa blauzi taratibu, na muuguzi akamshika mkono kwa upole uleule wa kubandulia picha.