Jeshi Lililosubiri Muhogo

Tasnifu yangu ya shahada ya pili ilihusu miezi ya mwisho ya vita vya wenyewe kwa wenyewe katika nchi jirani. Sura ya nne ndiyo niliyojivunia. Humo nilidai kwamba jemadari wa waasi alikuwa mwoga: alifika mtoni, mji mkuu uko ng'ambo, akasimama wiki tatu. Njaa haikuwa sababu, maana ramani zilionyesha mashamba ya muhogo pande zote.

Siku mbili kabla ya kuiwasilisha nilikwenda Gazi kumsalimia mke wa mjomba. Yeye ni mzaliwa wa nchi ile. Alivuka mpaka akiwa msichana, vita vilipokwisha. Nilimkuta akijaza udongo kwenye vifuko vya miche ya mikoko. Nikamwamkia, kisha nikaanza kujigamba.

"Muhogo upi?" akauliza.

"Muhogo tu, mkaza mjomba. Kuna mwingine?"

Akacheka mpaka akaweka kifuko chini. "Nyie watu wa Kwale! Mnang'oa asubuhi, mchana mnaula kwa nazi. Wa kwetu ukiula hivyo, jioni tunakuosha na kukuvika sanda."

Ulikuwa muhogo mchungu, wenye sumu. Askari wa mbele waliuchemsha wakaula, wakatapika, wengine wakashindwa kusimama. Ndipo jemadari akaamuru jeshi zima litulie: limenye, liloweke mtoni siku nne, lianike, litwange.

"Uliona au ulisimuliwa?"

"Nilikuwa humo jeshini; nilimenya kwa mikono hii. Na askari wa serikali kule mjini walikuwa wakituona. Mtu anayeanika unga wa miezi miwili haondoki kesho. Kila siku walitoroka wachache, na jemadari akawaacha wapite. Tulipovuka, hapakuwa na wa kupigana naye."

"Kwa nini hakuagiza chakula kutoka nyuma?"

"Kwa barabara gani? Mvua za kabla hatujafika mtoni zilizibomoa zote."

Nilikuwa nimehesabu mizinga yake yote, lakini sikuwahi kujiuliza askari wake walikula nini. Mimi niliyezoea kumpinga kila mtu, nilijikuta namheshimu mtu niliyemwandika vibaya kurasa thelathini.

Nikampigia simu msimamizi wangu palepale uani. Akasema nimrekodi shahidi vizuri, na mahafali ya mwaka huu niyasahau.

Nilipomweleza mkaza mjomba, akanisogezea ndoo ya udongo. "Basi kaa. Tuanzie siku tuliyofika mtoni."