Udi wa Bi Zubeda

Bi Zubeda wa Chamazi aliuchukia moshi wa takataka kama mwizi. Gari la taka lilipita mtaani kwao kwa nadra, hivyo jirani yake Gaspar alichoma zake uani: maganda, chupa za plastiki, nepi za mtoto. Kila moshi ulipotanda, Bi Zubeda alifunga madirisha, akaziba mwanya wa mlango kwa khanga kuukuu, akatia makaa kwenye chetezo na kufukiza udi mpaka chumba kinukie. Humo ndimo alimomweka mjukuu wake Rukaiya, wa miaka minne, asivute uchafu wa nje.

Mtoto alikuwa na kikohozi kisichoisha. Kila kilipozidi, bibi aliongeza udi.

Mchana mmoja Rukaiya alishindwa hata kulia. Mbavu zilibonyea kila alipovuta pumzi, midomo ikageuka rangi ya zambarau. Bi Zubeda akampakata kwenye bajaji hadi kituo cha afya, dua haimtoki mdomoni.

Walimvalisha kinyago chenye mvuke wa dawa. Alipotulia, muuguzi aitwaye Jenipher aliinama, akanusa nywele za mtoto.

"Shikamoo bibi. Nyumbani mnafukiza?"

"Marahaba. Udi tu, mwanangu. Wa kuondoa moshi wa jirani."

"Madirisha yakiwa wazi?"

"Nafunga, usiingie."

"Bibi, kifua cha mtoto hakichagui. Wa taka moshi, wa udi moshi. Huyu ana pumu, na huo wa ndani hauna pa kutokea."

Bi Zubeda alinusa mtandio wake mwenyewe. Akakaa sakafuni.

"Kwa hiyo mie ndiye niliyekuwa namkaba?"

"Hukujua, bibi."

Hilo halikumpunguzia kitu.

Waliporudi na dawa ya kuvuta, alikwenda kwa Gaspar. Hakugomba. Alimweleza yote, na la udi pia. Gaspar aligeuka kumtazama binti yake aliyekuwa akichezea jivu.

"Na huyu anakohoaga," alisema polepole. "Nilidhani mafua."

Sasa wanachangia mkokoteni wa kuzoa taka. Rukaiya bado hubanwa kifua, watu wa mtaa wa nyuma wakichoma taka zao, ila dawa humtuliza. Mwaka huu ameanza chekechea.